Ganda la kirusi ndani ya bakteria: kilicho nyuma ya kipimo na chanjo ya homa ya ini aina E

Na Mwandishi Wetu

Kuanzia Oktoba 2007 hadi katikati ya mwaka 2009, Wilaya ya Kitgum iliyopo kaskazini mwa Uganda ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliowaacha watu na macho ya manjano, mkojo mweusi mithili ya chai ya rangi na uchovu usiokwisha. Katika kipindi hicho watu zaidi ya 10,000 waliugua na 160 walifariki dunia. Ugonjwa huo ulikuwa homa ya ini aina E. Mwaka 2012 ulijitokeza katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, na huko Sudan Kusini umeisumbua kambi ya Bentiu kwa miaka kadhaa.

Kila mlipuko wa namna hiyo unapotangazwa, taarifa rasmi huwa na sentensi moja ambayo msomaji huipita haraka: kwamba sampuli za damu zimepimwa maabara na ugonjwa umethibitika. Kwa homa ya ini aina E, sentensi hiyo fupi imebeba kazi ya miongo kadhaa. Kirusi kinachousababisha ni kigumu sana kuoteshwa maabara. Hata hivyo vipimo vyake vipo, na chanjo yake ipo. Vyote viwili viliwezekana baada ya wanasayansi kumfanya bakteria atengeneze kipande cha ganda la kirusi, pasipo kirusi chenyewe kuwepo.

Maneno "kirusi" na "bakteria" yanapokaa katika sentensi moja na neno "chanjo", wananchi wengi hushtuka, na si ajabu. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hufanyikaje, na kwa nini swali kuu ndani yake si kama protini imepatikana, bali kama imepatikana ikiwa na umbo lake sahihi.

Ugonjwa unaofanana na mengine

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 20 huambukizwa kirusi hiki kila mwaka, ingawa wengi wao hawaoni dalili yoyote. Wanaougua kwa dalili wanakadiriwa kufikia milioni 3.3, na kwa mwaka 2015 vifo vilikadiriwa kuwa 44,000. Barani Afrika na Asia maambukizi husambaa zaidi kupitia maji yaliyochanganyika na kinyesi. Mtu mzima mwenye afya njema kwa kawaida huugua kwa wiki kadhaa kisha hupona bila dawa maalumu. Kwa mama mjamzito hesabu hiyo hubadilika kabisa: akiambukizwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, hatari ya kupoteza maisha inaweza kufika asilimia 20 hadi 25.

Tatizo la kwanza kwa mganga ni kwamba macho ya manjano hayana mwenyewe. Homa ya manjano huyaleta, malaria kali huyaleta, homa ya ini aina A na B huyaleta, na hata homa ya mgunda, ambayo Watanzania waliisikia sana mwezi Julai 2022 kutokana na mlipuko wa mkoani Lindi, inaweza kuyaleta. Kila mojawapo inadai hatua tofauti. Mlipuko wa homa ya manjano huhitaji chanjo yake na udhibiti wa mbu; wa homa ya ini aina E huhitaji klorini, vyoo na maji safi. Jibu la maabara ndilo linaloamua gari la msaada lipakiwe nini. Likikosewa, gari hufika likiwa limebeba vitu visivyotakiwa, na kina mama huendelea kuchota maji kisima kilekile.

Historia yenyewe inaonyesha gharama ya kutokuwa na kipimo. Mwishoni mwa mwaka 1955 na mwanzoni mwa 1956, jiji la Delhi nchini India lilipata mlipuko ulioacha wagonjwa wapatao 29,000 wenye umanjano, baada ya maji machafu kuingia katika mfumo wa maji ya kunywa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni homa ya ini aina A. Sampuli za damu zilizokuwa zimehifadhiwa zilipokuja kupimwa miaka zaidi ya 20 baadaye, ilionekana kuwa si aina A wala B. Kirusi kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1983 jijini Moscow, na namna kilivyoonekana haiwezi kuruhusiwa na kamati yoyote ya maadili ya utafiti leo: mtaalamu wa virusi Mikhail Balayan alikunywa mchujo wa kinyesi cha wagonjwa, akaugua, kisha akakitafuta kirusi katika kinyesi chake mwenyewe kwa hadubini ya elektroni. Alikiona kwa sababu kingamwili zilizochanganywa na sampuli zilivigandamanisha virusi vikawa vishada.

Vishada hivyo ndivyo kiini cha habari yetu. Kingamwili zilishika nini hasa?

Antijeni ni nini

Kirusi hiki kina ujumbe mmoja tu wa kurithisha, wenye herufi zipatazo 7,200, uliofungwa ndani ya ganda. Ganda hilo, ambalo wataalamu huliita kapsidi, limejengwa kwa nakala nyingi za protini moja iliyopangwa kwa utaratibu kama vigae. Protini hiyo ina asidi amino 660. Kwa kuwa ganda ndilo lililo nje, ndilo ambalo mwili hukutana nalo kwanza, na sehemu kubwa ya kingamwili zenye manufaa hulilenga hilo. Sehemu ya kimelea ambayo mwili huitambua na kuitengenezea kingamwili huitwa antijeni.

Kipimo cha damu hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Antijeni hugandishwa kwenye vishimo vidogo vya sahani ya plastiki, kisha damu ya mgonjwa iliyochujwa huwekwa juu yake. Kama mgonjwa ana kingamwili za ugonjwa huo, zitanasa. Kama hana, zitasafishwa na kuondoka na maji. Kemikali inayobadili rangi huonyesha kilichonasa. Kingamwili za awali, ziitwazo IgM, huashiria maambukizi ya karibuni, na zile za IgG hukaa muda mrefu na hueleza kuwa mtu aliwahi kuambukizwa.

Ili maabara za nchi nzima zipime, antijeni inatakiwa kwa wingi, na kila toleo lifanane na lililotangulia. Kwa baadhi ya virusi, viwanda huviotesha katika seli hai, huviua na kuvuna ganda. Kirusi cha aina E hakikubali njia hiyo kwa kiasi cha maana. Kwa muda mrefu chanzo pekee kilikuwa kinyesi cha wagonjwa au cha tumbili walioambukizwa kwa makusudi. Hakuna nchi inayoweza kuendesha huduma ya upimaji kwa chanzo cha namna hiyo.

Mlango ulifunguka mwaka 1990, watafiti nchini Marekani walipofanikiwa kupata kipande cha ujumbe wa kurithisha wa kirusi, na mwaka uliofuata ujumbe wote. Njia waliyoitumia kubaini vipande vyenye antijeni ilikuwa ya kijanja: walipandikiza vipande vingi vya ujumbe katika bakteria, kila kundi la bakteria likatoa protini yake, kisha wakamwagia damu iliyochujwa ya watu waliokwisha kuugua. Kundi lililoshikwa na kingamwili ndilo lililobeba kipande kilichotafutwa. Damu ya mgonjwa ndiyo iliyowaonyesha antijeni ilipo.

Bakteria akiwa kiwandani

Bakteria anayetumika ni Escherichia coli, jamaa wa wale wanaoishi katika utumbo wa kila mmoja wetu, lakini wa koo za maabara zilizodhoofishwa kwa miaka mingi. Si mgeni katika huduma za afya. Insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria huyu iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1982, na tangu wakati huo watu wengi wenye kisukari duniani wameitumia. Anapendwa na viwanda kwa sababu halishwi kwa gharama kubwa na huzaliana upesi. Katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akianza saa moja asubuhi bila kizuizi, kufikia saa nane mchana wanaweza kuwa zaidi ya milioni mbili.

Kazi huanza kwa kuchukua jeni inayoandika protini ya ganda, au sehemu yake tu, na kuiunganisha na plasmidi, yaani kijiduara cha DNA ambacho bakteria hukinakili kila anapogawanyika. Plasmidi hiyo huwekewa pia swichi. Bakteria huachwa kwanza waongezeke ndani ya mtungi wa mchuzi wenye joto la nyuzi 37, huku hewa ikipulizwa. Wakishakuwa wengi, huongezwa kemikali inayowasha swichi, nao huacha shughuli nyingi na kugeukia kutengeneza protini waliyoagizwa. Baada ya saa chache mchuzi huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi bakteria watuame chini, kisha hupasuliwa na kilichomo hutolewa.

Katika mchakato wote huo hakuna kirusi. Kipande kinachotumika katika chanjo tutakayoitaja hapa chini kimeandikwa kwa herufi 717 kati ya 7,200, takriban sehemu moja ya kumi. Hakina maelekezo ya kirusi kujinakili, wala ya kuingia katika ini.

Hata hivyo ugumu ndio kwanza huanza. Protini ni mnyororo wa asidi amino kama shanga katika uzi, lakini haifanyi kazi ikiwa imenyooka. Lazima ijikunje. Msomaji wa pwani atafakari ukili: mama huusuka, kisha huushona ukawa kikapu. Ukifumuliwa, ukindu ni uleule, hakuna jani lililopotea, lakini haubebi unga. Kingamwili nyingi zenye uwezo wa kuzuia kirusi hushika mahali ambapo sehemu mbili za mnyororo zilizo mbali zimekutanishwa na mkunjo. Mkunjo ukiharibika, mahali hapo hapapo tena.

Bakteria aliyelazimishwa kutengeneza protini ngeni kwa kasi mara nyingi hashughuliki na mkunjo. Protini hurundikana ndani yake kama madonge magumu yasiyoyeyuka. Mtafiti anaweza kufurahi kuona wingi wake, kumbe ana ukindu tu. Njia ya kawaida ni kuyayeyusha madonge kwa urea nyingi, hali inayofumua mnyororo, kisha kuiondoa urea polepole ili protini ijikunje upya yenyewe. Baadhi hukubali, nyingine hurudi kuwa madonge. Katika hatua hii subira ya fundi maabara ina uzito kuliko bei ya mashine. Kuondoa urea kwa haraka kunaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Bakteria pia hawezi kuipachika protini sukari kama seli zetu zinavyofanya. Kwa virusi vingi hilo ni kasoro kubwa. Kwa bahati njema, protini inayojenga ganda kamili la kirusi cha aina E haibebi sukari hizo, hivyo kasoro ya bakteria haikuwa na madhara hapa.

Usafi

Kuna jambo ambalo watu wengi nje ya maabara hawalifikirii. Kwa kuwa Escherichia coli huishi tumboni mwetu, karibu kila mtu ana kingamwili dhidi ya protini zake. Antijeni ikibaki na mabaki ya bakteria, damu ya mtu asiyeumwa inaweza kunasa kwenye mabaki hayo na kipimo kikatoa jibu la uongo kuwa ana homa ya ini. Kwa hiyo protini hupitishwa katika nguzo za kuchujia mara kadhaa, kisha hukaguliwa kwa umeme juu ya utelezi maalumu ambapo protini hujipanga kwa ukubwa. Fundi anatarajia kuona mstari mmoja mzito mahali panapostahili. Mistari ya ziada ni dalili kwamba kazi haijaisha.

Kwa chanjo sharti ni kali zaidi. Ukuta wa bakteria huyu una sumu iitwayo endotoksini ambayo hata kwa kiasi kidogo ikiingia katika damu huleta homa kali na kuporomoka kwa shinikizo la damu. Kila toleo hupimwa. Kipimo kilichozoeleka kwa miongo mingi kimetokana na damu ya mnyama wa pwani ya mashariki ya Marekani anayefanana na kaa mwenye gamba la umbo la kwato ya farasi. Damu yake huganda ikigusana na sumu hiyo. Nchini Tanzania, dawa, chanjo na vitendanishi vya maabara husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kumbukumbu za majaribio ya namna hii ni sehemu ya kile ambacho mamlaka za udhibiti duniani hudai kabla ya kuruhusu bidhaa.

Somo la ng'ombe

Homa ya ini aina E haikuwa ya kwanza kujaribiwa. Mwaka 1981 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wakishirikiana na kampuni ya Genentech walitangaza kuwa wameifanya Escherichia coli itengeneze protini ya ganda la kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vizuri. Matumaini yalikuwa makubwa: chanjo isiyohitaji kuotesha kirusi hatari kiwandani, ambacho kikiponyoka huweza kuangamiza uchumi wa nchi nzima ya wafugaji. Wanyama waliochanjwa walitoa kingamwili. Lakini protini ile moja, ikiwa imetengwa na wenzake wanaoshirikiana naye kujenga ganda, ilichochea kinga hafifu ikilinganishwa na kirusi kizima kilichouawa. Miaka zaidi ya 40 baadaye, chanjo nyingi za ugonjwa huo bado hutengenezwa kwa kuotesha kirusi na kukiua.

Hakukuwa na kosa katika herufi za jeni. Umbo ndilo halikuwepo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Xiamen nchini China walikutana na swali hilohilo katika homa ya ini aina E, na wao walipata jibu. Kipande chao cha kwanza, walichokiita E2, kilijiunga wawili wawili na kiliwakinga tumbili, lakini kilihitaji dozi nzito. Walipokirefusha kwa asidi amino 26 tu upande wa mbele, kipande kipya chenye asidi amino 239 kilifanya jambo ambalo E2 hakikuweza: baada ya urea kuondolewa, vipande vilijikusanya vyenyewe vikawa chembe za duara zenye upana wa nanomita 20 na kitu, karibu na ukubwa wa kirusi halisi. Kingamwili za wagonjwa zilivitambua vipande vyote viwili kwa namna inayofanana. Ila katika kuchochea kinga, kile kilichojikusanya kilikuwa na nguvu zaidi kwa angalau mara 200, kama walivyoripoti mwaka 2005. Kwa mwandishi wa makala haya, hiyo ndiyo takwimu ya kukumbukwa katika habari yote: asidi amino 26, mara 200.

Inafaa kutilia mkazo maana yake. Antijeni inayotosha kwa kipimo si lazima itoshe kwa chanjo. Kipimo kinahitaji tu kingamwili zilizokwisha kutengenezwa zinase; chanjo inatakiwa kuushawishi mwili uzitengeneze, na mwili huchukulia kwa uzito zaidi chembe yenye nakala nyingi zilizopangwa kuliko protini inayoelea peke yake.

Lakini hata katika vipimo, umbo lina gharama zake. Vipimo vya mwanzo vilitumia vipande vifupi visivyo na mkunjo. Vya baadaye vilitumia kipande kirefu kinachojiunga wawili wawili. Wachangia damu walewale nchini Uingereza walipopimwa kwa vipimo vya aina hizo mbili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kile chenye antijeni iliyojikunja kilipata watu wenye kingamwili za zamani mara nne zaidi ya kingine. Watu ni haohao, damu ni ileile. Mwananchi anayesoma kuwa asilimia fulani ya watu wa mahali fulani wamewahi kuambukizwa ana haki ya kuuliza: ilipimwa kwa antijeni gani?

Kutoka Jiangsu hadi Bentiu

Chembe za asidi amino 239 zilijaribiwa kwa binadamu katika jimbo la Jiangsu, China, kati ya mwaka 2007 na 2009. Watu 112,604 wenye umri wa miaka 16 hadi 65 walishiriki. Nusu walipewa chanjo hiyo na nusu chanjo ya homa ya ini aina B, ili hata wa kundi la ulinganisho wapate faida. Katika miezi 12 baada ya dozi ya tatu, wagonjwa 15 wa homa ya ini aina E walipatikana katika kundi la ulinganisho na hakuna hata mmoja katika kundi la waliokamilisha chanjo. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 86. Chanjo iliidhinishwa China mwaka 2011 kwa jina la Hecolin.

Kwa miaka kumi baada ya hapo haikutumika katika mlipuko wowote. WHO mwaka 2015 ilisema haiwezi kuipendekeza kwa matumizi ya kawaida kwa kuwa takwimu kuhusu makundi muhimu zilikuwa chache, lakini ikashauri ifikiriwe katika milipuko, ikiwemo kwa wajawazito. Machi 2022, Wizara ya Afya ya Sudan Kusini kwa kushirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka ilianza kuichoma kambini Bentiu kwa watu wa miaka 16 hadi 40, wajawazito wakiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kutumika kukabili mlipuko.

Ni wajibu kusema pia kile ambacho hakijatulia. Chanjo huhitaji dozi tatu ndani ya miezi sita, ratiba ngumu kwa watu wanaohama kwa vita na mafuriko. Vilevile, utafiti mmoja nchini Bangladesh uliwaangalia wanawake waliochanjwa wakiwa wajawazito bila kujua, au muda mfupi kabla ya kushika mimba, na ukaona dalili ya ongezeko la mimba kuharibika. Dalili si uthibitisho, lakini haiwezi kufichwa, kwani wanaohusika ni kina mama walewale ambao ugonjwa huu huwaua zaidi. Uamuzi wa kuchanja wajawazito katika mlipuko hivyo huwa ni wa kupima hatari mbili, na hufanywa na wataalamu wakiwa na takwimu za mahali husika. Anayechanjwa naye anastahili kuelezwa zote mbili kwa lugha anayoielewa.

Njia ya bakteria imeendelea kuzaa matunda kwingine. Xiamen hiyohiyo ilitengeneza kwa Escherichia coli chembe za ganda la kirusi cha HPV kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo iliidhinishwa China mwaka 2019 na kuingizwa na WHO katika orodha ya chanjo zinazokidhi viwango mwaka 2021. Tanzania imekuwa ikiwachanja wasichana dhidi ya HPV tangu mwaka 2018, na kila mtengenezaji mpya anayekidhi viwango huongeza shehena inayoweza kununuliwa na nchi zinazoendelea.

Kwa homa ya ini aina E, Tanzania haina chanjo hiyo katika ratiba yake ya kawaida, na kinga ya kila siku hubaki kuwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, matumizi ya choo na kunawa mikono kwa sabuni. Mjamzito mwenye macho ya manjano, kutapika au mkojo mweusi anapaswa kufikishwa kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na mhudumu aelezwe ni maji ya wapi yanayotumika nyumbani na kama kuna jirani mwenye dalili kama hizo.